Kufuli

Kichwa hiki nakijua kuliko mamake.
Miaka kumi na mmoja, kila Alhamisi,
kinaletwa kitini pangu hapa Majengo
juu ya shingo isiyojua kugeuka:
ukimwita kwa nyuma, hugeuka mwili mzima,
kama kabati linalohamishwa.

Mashine namba moja. Pembeni, wembe.
Penye sikio la kushoto nakwenda taratibu,
limejikunja kama bajia iliyotolewa mafutani mapema.
"Hili limesagwa," aliniambia siku ya kwanza,
"kwa masikio ya wanaume wenzangu.
Hata na mke wangu hatujasuguana hivyo."

Kitambulisho chasema Mwachiro Nyondo.
Uwanjani walimwita Kufuli:
ukishamfunga mstari wa mbele,
nyie wa upande wa pili tafuteni mlango mwingine.

Mwalimu wa fizikia ndiye aliyemwona Changamwe,
kijana, magunia ya simiti mawili mawili begani.
"Njoo usukume watu," akamwambia, "watu ni laini."
Akaja. Akaonyeshwa mpira,
akauliza nani ameukalia.

Yaliyofuata kanihadithia vipande vipande,
kila kovu na Jumamosi yake.
Hili la utosini, njumu ya Mganda.
Hili la nyusi, nguzo ya goli, kosa lake mwenyewe.
Hili refu nyuma, ambalo nywele hazioti,
ni Ufaransa, mji ambao jina lake
hulitamka kama anayesukutua.
Mkataba kurasa tisa, akasoma ule wa mshahara.
Uwanja umeganda kama kigae,
akaanguka, akaamka akiomba madzi, kwa Kidigo.
Daktari alimwonyesha vidole,
akavihesabu sawa,
dakika kumi baadaye akarudishwa kusukuma.

Nyumba ya Mtopanga ilifika kwenye linta.
Magoti yakafika mwisho.
Sasa yuko Shimanzi, lango la bohari,
usiku, sweta na tochi,
Kufuli akilinda kufuli.
Madereva wa malori humpigia honi
hawajui ni nani anayewafungulia
polepole namna ile.

Mwaka jana aliniita Odenyo.
Odenyo alikuwa bega lake la kulia, marehemu sasa.
Nikaitika. Ingenigharimu nini?

Leo asubuhi nimemnyoa, nikampaka spiriti,
akaondoka akijipapasa kisogo.
Baada ya adhuhuri pazia la shanga likalia,
akaingia upande upande, akaketi.
"Nipunguze. Zimekuwa msitu."

Kichwa kinang'aa. Bado kinanuka spiriti.
Kijana aliyekuwa akichaji simu akacheka.
Nikamtazama mara moja tu,
akachomoa waya, akatoka.

Nikamfunga kitambaa.
Nikawasha mashine, nikaigeuza mgongo,
nikaipitisha hewani, karibu na ngozi,
ipate kunguruma tu.
Penye sikio, taratibu, kama kawaida.
Akafumba macho.
Chini ya mngurumo nikamsikia:
"Inama."
Kimya.
"Shika."
Nikaweka kiganja kwenye paji lake, sijui kwa nini.
"Ingia!"

Shingo ikakaza. Ikaja.
Wallahi, mzee wa magoti mabovu, ameketi,
amenirudisha hatua nzima hadi kwenye kioo.
Nikazimisha mashine, nikaitupa kando,
nikasimika miguu, nikaweka na mkono wa pili,
nikasukuma.
Hatukwenda popote, mimi na yeye,
sijui kwa muda gani.
Chupa za mafuta zilitetemeka rafuni.

Kisha akalegea, akajitazama kiooni,
akaridhika na kazi.
Akatoa mia. Nikaipokea,
kwani kuikataa ni kumwambia.

Nimeitia kwenye mkebe wa pembeni
nitakaompelekea mkewe, nikipata la kusema.
Nimehesabu: hii ni ya saba.